Kikombe cha Shemeji

Mtaani walimwita Shubiri, na yeye mwenyewe alishakubali yaishe. Nyumbani alikuwa Baba Pacha. Ukiingia kwenye kibanda chake cha kunyolea usingekuwa na haja ya kuuliza hilo jina la mtaani lilitoka wapi. Kwenye rafu, katikati ya poda, spiriti na mabrashi, ilisimama chupa kubwa ya chai ambayo ndani yake hamkuwa na chai. Mteja aliyeingia analalamika kwamba tumbo limejaa, au kaamka na mdomo mchungu baada ya kula mafuta mengi, alimiminiwa kikombe kabla hata hajafungwa kitambaa shingoni. Akinywa anakunja uso wote, anafumba macho, anasema "Duh!" na wenzake kwenye benchi wanavunjika mbavu. Hapakuwa na hata tone la shubiri ndani yake, lakini ukishaonja, ubishi huo unakuwa hauna kazi.

Dawa ile aliirithi kwa mama yake. Ilikuwa dawa ya kulisaidia ini, na mama alikuwa na kipimo chake. Kipande cha binzari mbichi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, tangawizi ya ukubwa huohuo, ganda la balungi lililomenywa likabaki na nyeupe yake, na maji sufuria nzima. Ikichemka mara moja inaepuliwa, inapoa, limau linakamuliwa mwishoni. Unakunywa kikombe kimoja asubuhi kwa siku saba, halafu mwezi mzima hugusi kitu. Mama alikuwa mkali juu ya ule mwezi kuliko juu ya dawa yenyewe.

"Ini linafanya kazi tangu ulipozaliwa, halijaenda likizo hata siku moja," alikuwa akisema. "Lisaidie kidogo, halafu liache. Usilisumbue."

Kama kikombe hicho kilisaidia kweli, hilo waulizwe wenye maabara. Mama hakuwahi kusema kinaponya. Tunachojua ni kwamba kwa miaka yote ile hakikumlaza mtu, na Shubiri hakukiuza. Alikitoa bure, pamoja na maneno.

Maneno ndiyo yalikuwa mengi pale kibandani. Ukitaja ini tu, benchi zima lilikuwa na digrii. Mmoja alikula kiapo kwamba hakuna kama bitiruti na karoti asubuhi kabla ya kusema na mtu. Mwingine alitafuna mbegu za papai, na alitaka kila mtu ajue anazitafuna. Muuza viatu wa jirani aliamini kitunguu saumu kibichi, ndiyo maana hakuna aliyependa kukaa naye karibu. Siku moja mwalimu mstaafu alisema ini linasaidiwa kwa kupunguza vya kukaanga na kuacha pombe. Watu wakamtazama kwa huruma, kisha wakarudi kwenye bitiruti.

Sasa, katika watu wote waliowahi kukalia kiti cha Shubiri, kuna mmoja ambaye bila yeye hata kiti chenyewe kisingekuwepo. Huyo ni shemeji yake, mdogo wake Mama Pacha, fundi wa kupulizia magari rangi. Miaka ya nyuma Shubiri alikuwa kinyozi wa kuajiriwa. Mwenye duka akaleta binamu yake, na Shubiri akaambiwa apumzike kwanza, ataitwa. Alipumzika mwaka na nusu. Pacha walizaliwa katikati ya mapumziko hayo. Alikuwa akishinda amekaa kitandani ameshika tama, mashine yake ya kunyolea imefungwa kwenye taulo chini ya mto, na mkewe anatoka kutafuta.

Asubuhi moja shemeji alimvuta mkono, hakueleza kitu, akampeleka mpaka kwenye kibanda kilichokuwa cha fundi redio. Ndani palikuwa pamepakwa rangi ya bluu iliyong'aa sana, ya gari bila shaka. Kioo kilikuwa kimetundikwa. Na katikati kulikuwa na siti ya mbele ya gari dogo, imechomelewa juu ya bomba la chuma, inazunguka.

"Kaa kazini, shemeji," alisema. "Kichwa cha kwanza ni changu."

Akakaa, akavua kofia. Kichwa chenyewe kilikuwa kimenyolewa jana yake, kinateleza, hakina hata unywele wa dawa. Shubiri alikinyoa hivyohivyo, robo saa nzima, machozi yanamdondokea mteja utosini. Mtu wa namna hiyo utamshukuru kwa kitu gani? Shubiri alilibeba swali hilo miaka tisa.

Ndipo shemeji akaanza kuchoka. Alikuwa mtu wa kuimba kazini, akaacha kuimba. Chakula kikawa hakimpendezi. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mdogo, na yeye alikuwa humo tangu asubuhi, anapiga msasa, anapulizia, anavuta harufu ya thina ya kuchanganyia rangi, na puani kafunga kitambaa tu. Mama mkwe aliposikia alishika kifua, maana mumewe aliondoka kwa ugonjwa wa ini, na huyu ndiye mwanawe wa kiume pekee. Mama Pacha akamwambia mumewe, "Si una ile dawa yenu? Mpe mdogo wangu."

Shubiri akampa. Siku saba, kikombe cha mama, kama watu wote. Shemeji akasema anaona afadhali kidogo.

Hapo ndipo moyo wa shukrani ulipomponza Shubiri. Alikaa kwenye siti ile, kibanda kikiwa kitupu, akajiuliza: kikombe ninachompa kila mpita njia ndicho nampa na huyu? Huyu aliyeniokota? Akaona aibu kweli. Akaenda kununua binzari ya unga, iliyosagwa laini. Kijiko cha kwanza cha chakula alikijaza, akaona kidogo. Akatia cha pili, akatia na cha tatu. Muuza viatu alikuwa amemwambia pilipili manga inaipa binzari nguvu mara nyingi, naye akaimwaga bila kupima. Alichemsha mpaka sufuria nzima ikabaki kikombe kimoja, kizito, cha rangi ya tope. Na mwezi wa kupumzika? Ule ulikuwa wa wateja.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alibeba kikombe hicho mwenyewe mpaka karakana, kimefunikwa na kisahani. Shemeji alikinywa amesimama. Ikapita wiki, zikapita mbili, mwezi ukaisha, wa pili ukaingia.

Vidole vya shemeji vikawa njano, na midomo pia, kwa binzari. Wenzake wa karakana walimtania. "Leo umepulizia gari, au wewe ndiye gari?" Naye alicheka. Akasema mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokaa. Shubiri alifurahi aliposikia hivyo! "Uchafu unatoka huo," alisema, kama wanavyosema wote. Shemeji akasema mwili unawasha usiku. "Unatoka kwa njia zote," akasema Shubiri. Kila dalili aliyoletewa alikuwa na pongezi yake.

Na ndani ya kibanda hakuna ambaye angeona zaidi. Mwaka uliotangulia Shubiri alitoa taa nyeupe akaweka za njano, kwa sababu chini ya taa nyeupe kila mteja alijiona mgonjwa kwenye kioo. Chini ya zile za njano watu wote walionekana wametoka likizo.

Siku moja saa saba mchana shemeji alikuja kutengenezwa ndevu. Shubiri alikuwa amemaliza shavu la kulia umeme ulipokatika. Mashine ikanyamaza. Walisubiri kidogo, wakaona hautarudi leo, Shubiri akaweka kigoda mlangoni kwenye jua ili amalizie kwa wembe. Alimpaka shemeji povu, akamwinua kidevu, akamlaza kichwa nyuma. Macho yakatazama juu, kwenye mwanga.

Weupe wa macho ulikuwa umeisha. Yalikuwa njano yote, mpaka pembeni.

Shubiri alisimama na wembe hewani. Vidole, sawa. Midomo, sawa. Binzari haifiki machoni. Hakukuwa na daktari wa kumweleza hilo. Mtu yeyote aliyewahi kupika angelijua. Alimfuta povu la upande wa pili bila kunyoa.

"Mbona umeacha?" shemeji akauliza.

"Inuka. Tunaenda hospitali."

"Na shavu moja?"

"Na shavu moja."

Walimpitia Mama Pacha kwa sababu Shubiri hakuthubutu kwenda peke yake. Njiani, shemeji akiwa ametangulia hatua chache, Mama Pacha alimshika mumewe mkono akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba Pacha, wakiuliza, usitaje ile dawa. Watatufokea, watatuona washamba, na mdogo wangu ataachwa pale kwenye benchi."

Shubiri aliongeza mwendo kumfikia shemeji.

Daktari alikuwa msichana ambaye Shubiri angeweza kumzaa, mwenye miwani iliyomteremkia puani. Alimvuta shemeji kope, akamminya tumbo upande wa kulia, akamuuliza kazi yake, akauliza kama anakunywa pombe. Kisha akashika kalamu.

"Kuna dawa yoyote unatumia? Ya dukani, ya mitishamba, hata ya kuchemsha nyumbani?"

"Hapana, daktari," shemeji akasema, wala hakumtazama Shubiri.

Mama Pacha alikuwa anasoma bango la ukutani la kunawa mikono, analisoma kama mtihani. Kalamu ya daktari ikaandika hapana. Shubiri aliiona ikiandika. Aliwaza mambo mengi kwa muda ule mfupi. Jina la mama yake lingeishia kwenye faili la hospitali. Mama mkwe angeambiwa nini? Mkewe angelala kitanda kimoja na mtu aliyemtia mdogo wake sumu? Na kama si dawa, je, si atakuwa amejipaka matope bure? Angenyamaza tu, kikombe kiishe kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Akamtazama shemeji, shavu moja lina ndevu na moja halina, amekaa wima kama mtoto mbele ya mwalimu. Akapiga moyo konde.

"Anatumia, daktari. Nampa mimi."

Mama Pacha alifumba macho. Shubiri alitarajia makelele, lakini daktari hakupaza sauti hata kidogo. Alikata ile hapana kwa mstari, akasogeza kiti.

"Nini na nini?"

Akamwambia.

"Vijiko vingapi? Vya chai au vya chakula?"

"Vitatu. Vya chakula. Vimejaa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

Alijibu yote, mpaka pilipili manga, mpaka jinsi alivyochemsha maji yakaisha. Kwa mara ya kwanza aliyasikia yote kwa mpigo, na masikio yake mwenyewe yakamhukumu.

"Sijui bado kama ni hiyo," daktari akasema. "Kuna virusi, kuna hiyo thina, kuna mengine. Tutapima damu, tutapiga picha ya ini. Lakini ungenyamaza ningetafuta huko kote, na yeye huku nyumbani anaendelea kunywa. Binzari ya kwenye chakula haina shida. Hii uliyompa si ya chakula tena. Kuanzia sasa, hata tone asiguse." Akamgeukia shemeji. "Na karakana huendi mpaka nikuambie."

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki, na Shubiri hakutaka mkewe amfanyie. Jioni ile, jua bado lipo, alikwenda kwa mama mkwe peke yake. Alimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Alimwamkia, akakaa kwenye kigoda cha chini, akasema maneno aliyoyapanga njia nzima na yakatoka yote yamepinda.

"Mama, mwanao anaumwa ini. Huenda ni mimi. Nilimpa dawa nikazidisha. Nilikuwa namshukuru."

Mama mkwe aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akatoa la pili. Kisha mikono ikasimama.

"Baba yenu alipolazwa," alisema, "daktari aliniita pembeni. Akaniuliza, mama, kuna kitu unampa nyumbani? Nilikuwa nampa majani. Aliniletea jirani, kwa nia njema kabisa. Nikasema hapana."

Shubiri alisogeza kigoda karibu.

"Labda yalikuwa majani. Labda ni maradhi yake tu, yalishamfika. Mimi sitajua. Miaka kumi na moja najibu lile swali kila siku, na hakuna anayeniuliza tena." Aliweka ungo chini, akamshika mkwewe mkono, yeye ambaye kwa heshima zao hawakuwahi kushikana zaidi ya salamu. "Wewe umeulizwa ukajibu. Ahsante, baba. Nakushukuru kabisa."

Shubiri alilia pale kwenye kigoda, mtu mzima na ndevu zake, na mama mkwe akamwacha alie.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Vipimo vya virusi vilirudi safi. Daktari alisema anazidi kukilaumu kile kikombe, lakini jibu la kweli litatoka kwenye damu yenyewe: ikiwa namba za ini zitashuka baada ya kuacha, ndicho hicho, zikiendelea kupanda, basi hali ni mbaya. Wiki ya kwanza zilipanda. Shubiri alinyoa watu siku hizo bila kusikia walichosema, na mwalimu mstaafu alitoka na upara ambao hakuuagiza. Wiki ya pili zilisimama. Ya tatu zikaanza kushuka, na Mama Pacha, ambaye alikuwa akimsemesha mumewe kwa maneno ya lazima tu, alimwekea chakula mezani akakaa naye mpaka akamaliza.

Kibandani Shubiri aliiondoa ile chupa. Benchi lilidai maelezo, akawapa yote, bila kujipunguzia. Muuza viatu aliinama akaangalia viatu vyake mwenyewe. Tangu siku hiyo mteja akileta habari za ini hapewi kikombe. Anapelekwa mlangoni kwenye jua, anafunuliwa kope, na akiwa na hata kidalili anaelekezwa hospitali, na anaambiwa, "Huko wakikuuliza unachokunywa, sema. Hata kama nilikupa mimi." Jina la Shubiri halikumtoka. Watu hawaachi jina zuri kwa sababu ndogo kama hiyo.

Wiki ya saba walikwenda tena, Shubiri na shemeji wawili tu. Daktari alisoma karatasi, akaisoma tena, akavua miwani. Ini limerudi. Shemeji anaweza kurudi kazini, ila chumba kifunguliwe madirisha na apate kinyago cha maana, si kitambaa.

Walitoka mpaka kwenye korido, wakakuta benchi, wakakaa bila kuambiana. Shemeji alikuwa amenona kidogo, na macho yake yalikuwa meupe, meupe kabisa, Shubiri hakuchoka kuyatazama.

"Acha kunikodolea, watu watatufikiria vibaya," shemeji akasema.

"Nataka kukuuliza kitu. Daktari alipouliza, kwa nini ulisema hapana?"

Shemeji alikuna shingo. "Nilikuwa nakuficha wewe."

"Nilidhani hukujua kwamba kikombe ndicho kinakuumiza."

"Nilijua, shemeji. Tangu wiki ya tatu. Nikikinywa tumbo linakataa, nikiacha Jumapili naona nafuu. Siku nyingine ukishageuka tu, nakwenda nyuma ya gari kutapika."

Shubiri alimgeukia mzima mzima. "Ulijua, na ukaendelea kunywa?"

"Ulikuwa unakuja nacho mwenyewe," shemeji akasema. "Kila asubuhi. Umekifunika na kisahani, unatembea polepole kisimwagike. Unasimama pale unanitazama kama unanipa dunia. Sasa mimi ningekukatalia vipi?"

Muuguzi alipita na kitoroli, wakakunja miguu apite. Shubiri akapiga hesabu yake. Yeye alishindwa kupima kwa sababu ya kushukuru, na huyu akashindwa kukataa kwa sababu hiyohiyo, na kwa heshima zao hizo wangemzika mmoja wao.

"Nisikilize," akasema mwishowe. "Siku nyingine nikikuletea kitu hukitaki, kikatae. Mbele yangu. Nitakasirika, halafu nitapoa."

"Sawa."

"Niahidi."

"Nakuahidi, shemeji."

Wakainuka. Nje jua lilikuwa kali, na mlangoni kulikuwa na mama anauza vinywaji baridi kwenye ndoo ya barafu. Shubiri, ambaye mikono yake ilikuwa mitupu kwa wiki saba tangu aache kubeba kikombe na haikuzoea, alikwenda moja kwa moja akachukua soda mbili, akaifungua moja, akamnyooshea shemeji yake kwa mikono miwili.

Shemeji aliitazama ile soda. Akamtazama na Shubiri.

"Sitaki," akasema.

Yule mama wa ndoo alishangaa kumwona mtu mzima amekataliwa soda akicheka mpaka anaegemea ukuta, huku anarudia, "Ahsante, shemeji. Ahsante sana."